Msaada: kitabu cha Mark Twain cha 1869, kurasa zinaruka. Kimeharibika au ndivyo kilivyo?

Mbeba_Mizigo_Ohio

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ni kuhamisha mizigo ya watu. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunatoa vitu kwenye nyumba ya mama mmoja aliyefariki. Mwanawe akaniambia kuna maboksi mawili ya vitabu gereji, nikiyataka nichukue, la sivyo yanakwenda kutupwa. Nikachukua. Vingi ni vya mapishi, na Biblia zilizotafunwa na panya. Katikati yake ndipo nikakuta hiki.

Jalada ni gumu, la kitambaa cheusi, na maandishi ya dhahabu bado yanang'aa. Ndani kimeandikwa The Innocents Abroad, or The New Pilgrims' Progress, Mark Twain, American Publishing Company, Hartford, 1869. Chini yake kuna orodha ya miji: Newark, Toledo, Chicago, Cincinnati, St. Louis, San Francisco. Toledo ni humu humu Ohio. Mwanzoni kuna picha ya meli inapigwa na dhoruba, imechorwa vizuri sana, hadi kamba za milingoti zinaonekana moja moja.

Taabu ni hii: kurasa zinaruka. Unasoma kisa kinakolea, ukifunua unajikuta uko mbele kurasa thelathini, kisa kingine kabisa. Nilisoma mahali kwamba ukitaka kujua kama ni cha mwanzo mwanzo, fungua ukurasa wa 129 uone kama pana picha ya Napoleon III au hapana. Mimi huo ukurasa wa 129 sina kabisa! Halafu upande wa ndani wa jalada mtu amebandika vipande viwili virefu vya ngozi, kama mkanda uliokatwa, navyo vina jina la kitabu kwa dhahabu. Na kurasa za mwisho zina mistari kama daftari la mahudhurio, zimeandikwa majina ya watu kwa penseli. Nimehesabu 31.

Kuna mtu alikichana akakigeuza daftari? Jamaa yangu kazini ananiambia nifute majina kwa ufutio na nibandue ile ngozi, kitakuwa safi, nitapata mnunuzi. Nifanye hivyo?

Kasuku_wa_Kigoma

Pole mkuu. Kitabu kisicho na kurasa ni sawa na redio isiyo na spika. Weka sebuleni kama pambo.

Fundi_wa_Majalada

Mdogo wangu, huo ufutio uuweke mbali kabisa. Nimesoma ujumbe wako nikiwa bado na koti mwilini, nimetoka kazini sasa hivi, na sitaweza kula kabla sijakujibu.

Mimi natengeneza vitabu vya zamani kwenye maktaba moja hapa Connecticut, mwaka wa kumi na nne huu. Kushona kitabu nilijifunzia Dar, kwenye kiwanda cha uchapaji Chang'ombe, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Nakwambia hivyo ujue sibahatishi.

Kitabu chako hakijachanwa. Hakikuwahi kuwa kitabu kizima. Hiyo ni sampuli ya wakala, kitu alichobeba mtu mkononi akipita nyumba kwa nyumba kuuza kitabu ambacho mteja angeletewa baadaye. Kampuni ilichagua kurasa tamu tamu, hasa zenye picha, ikazishona pamoja ndani ya jalada halisi, basi. Kitabu chenyewe kina kurasa 651 na picha 234. Nani angezunguka vijijini na mzigo huo siku nzima, na tena amwachie mtu asome bure?

Vile vipande vya ngozi ni migongo ya kitabu. Mteja alionyeshwa: ukitaka jalada la kitambaa, ndilo hili ulilolishika, dola 3.50. Ukitaka ngozi ya kondoo, mgongo wake ndio huu, dola 4. Ukitaka mgongo na pembe za ngozi ya mbuzi, ni huu mwingine, dola 5. Mtu anapitisha kidole, anasikia ngozi, anachagua. Vitazame vizuri karibu na dirisha, utaona sehemu moja imelainika na kuwa nyeusi kidogo kuliko pengine. Hapo ndipo vidole vilipopita. Ukivibandua umekiua.

Na yale majina ni ya walioagiza. Mtu akikubali, anaandika jina lake na aina ya jalada analotaka. Wakala akimaliza eneo lake anapeleka hesabu, vitabu vinaletwa kwa treni, anarudi mlango kwa mlango kugawa na kupokea fedha. Angalia ukurasa wenye jina la kitabu, kuna maneno madogo kwenye mabano: kinatolewa kwa walioagiza tu, hakiuzwi madukani, na mkazi wa jimbo lolote akikitaka awaandikie wachapishaji, wakala atamfikia.

Sasa nikueleze kampuni yenyewe, maana naipenda habari hii. American Publishing Company ilikuwa Hartford, mji uliojaa kampuni za namna hiyo wakati ule. Aliyeiendesha aliitwa Elisha Bliss. Mwaka 1867 Twain alipanda meli ya Quaker City kutoka New York, safari ya Ulaya, Nchi Takatifu na Misri, nauli dola 1,250 iliyolipwa na gazeti la San Francisco, naye akawa anawatumia barua. Ndiyo meli uliyoiona kwenye dhoruba. Alirudi tarehe 19 Novemba. Tarehe 21, siku mbili tu, Bliss alishamwandikia: tupe kitabu. Twain alikuwa na miaka 31, hajawa mtu mkubwa. Wakurugenzi wa kampuni walisita, waliona kitabu kinafanyia mzaha mambo ya dini, lakini Bliss akashikilia. Kikatoka 1869, na ndani ya mwaka mmoja zikaenda nakala zipatazo 70,000.

Waliozinunua hawakuwa na duka la vitabu karibu. Walikuwa wakulima, wahunzi, wenye vioski vya kijijini. Ndiyo maana kitabu kilifanywa kinene, kikatiwa picha kila baada ya kurasa chache na dhahabu jaladani, kwa sababu mtu anatoa fedha nyingi kwa kitu ambacho huenda kikawa kitabu chake cha pili maishani baada ya Biblia. Wasomi wa Boston walividharau vitabu vya namna hii, majarida yao hayakuvitazama. Mhakiki William Dean Howells alipokisifu hicho chako katika jarida la huko huko Boston, Atlantic Monthly, Desemba 1869, lilikuwa jambo la nadra.

Kuhusu kukitunza:

Usifute, usigundishe, usipake mafuta ngozi hata ukiona inatoa unga mwekundu. Huo unga ni ngozi inavyokufa kwa uzee, na mafuta yanaizidishia. Selotepu isikikaribie. Usikitie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu utanaswa humo. Kilaze chali ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, chumbani unakolala wewe, si gereji wala chini ya nyumba. Kwenye vumbi tumia brashi laini, ukifagia kutoka mgongoni kuelekea nje.

Vitabu kamili vya Innocents Abroad vipo vingi, vilichapwa kwa maelfu. Sampuli kama yako zilitumika hadi zikachakaa, zikatupwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina mkusanyiko mkubwa wa sampuli za mawakala, na kwa wanaosoma historia ya vitabu ni mali kubwa. Usimuuzie mtu wa kwanza atakayekupigia simu.

Mzee_Musoma

Binti, umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa vitabu kanisani kwetu miaka ya tisini mwanzoni. Wasiojua: ni wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi wakiuza vitabu vya afya, vya familia na vya dini. Tulikuwa na nakala moja moja ya kuonyesha, na daftari. Mama akisema "mwisho wa mwezi nikiuza dagaa njoo", unaandika jina, kijiji, kitabu alichotaka.

Tulifundishwa kutompa mtu kitabu mkononi mapema. Unakishika wewe, unafunua ukurasa uliouchagua, unaongea, ndipo unamwekea mapajani. Akishakipakata, nusu ya kazi imekwisha.

Nakumbuka mama mmoja kule Majita, hakujua kusoma. Akachagua kitabu chenye jalada gumu, cha bei ya juu kuliko vyote begini. Nikamwambia mama kipo cha bei nafuu, maneno ni yale yale. Akanijibu, "Nataka kile ambacho mwanangu atakisoma na wanawe watakikuta." Alilipa kwa mafungu matatu, nikaenda kwake mara tatu, kilomita kumi na mbili kwa baiskeli kila safari.

Kwa hiyo kijana, hayo majina usiyafute. Kila jina hapo ni mtu aliyefungua mlango akasimuliwa.

Wakili_Mbeya

Nawaheshimu wote, ila huyo Bliss msimpambe sana. Twain mwenyewe aliamini ameibiwa naye. Innocents Abroad mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ulikuwa asilimia 5. Kitabu kilichofuata, Roughing It cha 1872, asilimia 7.5, na Bliss akamhakikishia kwamba hiyo ni sawa na nusu ya faida. Bliss alipofariki 1880 Twain akaona hesabu za A Tramp Abroad, ambacho kilikuwa na mkataba wa nusu ya faida kwelikweli, akagundua jinsi alivyokuwa anapunjwa miaka yote. Kampuni inayojificha nyuma ya wateja wa kijijini huku ikimpunja mwandishi siiiti rafiki wa wasomaji.

Fundi_wa_Majalada

Wakili, umesema kweli na sitaipinga kweli. Asilimia 5 ya dola 3.50 ni senti 17 na nusu kwa kitabu. Twain alisimulia kwamba alipewa uchaguzi, dola 10,000 taslimu au mrabaha, akachukua mrabaha. Zidisha kwa nakala 70,000 uone, kwa mwaka wa kwanza alifanya vizuri kuchagua hivyo. Kosa la Bliss lilikuwa kumwambia mtu jambo lisilo kweli kuhusu nusu ya faida, na kwa hilo simtetei hata kidogo.

Ila tazama alichofanya Twain baada ya hapo. Mwaka 1884 alianzisha kampuni yake mwenyewe, akampa Charles Webster, mume wa mpwa wake, aiendeshe, ikaitwa Charles L. Webster and Company. Na akauza vipi? Kwa mawakala, mlango kwa mlango, vilevile kama Bliss. Kwa kitabu chake Huckleberry Finn alimwandikia Webster kwamba wasipopata maagizo 40,000 kwanza, wasitoe kitabu. Alikuwa ameuona mfumo kwa ndani, na aliuamini.

Na hapo ndipo sampuli za wakala zilipomwokoa. Novemba 1884, sampuli za Huckleberry Finn zikiwa tayari mikononi mwa mawakala, ikagundulika kwamba mtu asiyejulikana ameichezea picha moja, ile ya Mjomba Silas, mmoja wa watu wa kisa hicho, akaongeza mkwaruzo mdogo kwenye suruali ukaifanya picha nzima kuwa chafu. Ingegunduliwa vitabu vimeshafika majumbani kwa watu, ingekuwa aibu isiyofutika. Webster akatangaza zawadi ya dola 500 kwa atakayemfichua mhusika. Ukurasa ule, wa 283, ukakatwa kwenye nakala zilizokwisha kuchapwa na kubandikwa mwingine. Mimi nimewahi kuushika mkononi. Ukipitisha ukucha kwenye kina cha kitabu, pale kurasa zinapokutana, unausikia mstari mwembamba wa gundi pale karatasi mpya ilipoungwa kwenye kisiki cha ile ya zamani. Fundi aliyefanya kazi ile alikuwa na mkono mtulivu. Alirudia kitendo hicho hicho mara maelfu na hakuna aliyeandika jina lake popote.

Kampuni hiyo hiyo ya Webster ndiyo iliyotoa kumbukumbu za Jenerali Grant, aliyewahi kuwa rais wa Marekani. Mawakala wengi walikuwa askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Februari 1886 mjane wa Grant akapokea hundi ya dola 200,000. Miaka minane baadaye, Aprili 1894, kampuni ikafilisika, na Twain akarudi kuchapisha tena na watu wa Hartford. Following the Equator, 1897, ina jina lile lile la American Publishing Company.

Sisemi Bliss alikuwa mtu mwema. Nasema mlango aliogonga wakala wake, wachapishaji wa heshima wa Boston hawakuugonga.

Kasuku_wa_Kigoma

Naomba radhi kwa jibu langu la kwanza, sikujua. Swali: Tom Sawyer, hadithi nyingine ya Twain, nayo ni ya kampuni hiyo ya Hartford?

Fundi_wa_Majalada

Ndiyo, 1876, na iliwaumiza. Ilitoka London mwezi Juni, Hartford wakachelewa hadi Desemba, na katikati hapo wachapishaji wa Toronto wakaichapa bila idhini na kuiingiza Marekani kwa bei ya kutupa. Hakimiliki ya kuvuka mipaka ilikuwa bado, Marekani ilikuja kupitisha sheria yake 1891. Mtu wa kijijini akiona nakala ya dola moja, wakala wa dola 2.75 atamwambia nini?

Mbeba_Mizigo_Ohio

Wakuu, nimerudi. Dada Fundi, nimefuata kila neno. Kiko chumbani, kwenye boksi, kimelala chali. Na kweli, kile kipande cha ngozi ya dola 5 kina sehemu nyeusi inayong'aa, upana wa kidole gumba. Nimeweka kidole changu pale, nikakiondoa haraka.

Jana sikuwa na kazi, nikaenda maktaba ya mjini. Nilimwonyesha mhudumu picha za yale majina kwenye simu, akanifundisha kutafuta kwenye sensa ya Marekani ya 1870, iko wazi kwa kila mtu. Majina yana mji pembeni: Findlay, kusini mwa Toledo. Nimekaa kutoka saa nne asubuhi hadi wanafunga. Kati ya 31 nimewapata 12. Siandiki majina yao hapa, huenda wana vitukuu. Wakulima watano, mhunzi mmoja, mwalimu wa kike wa miaka 22, mwenye hoteli, waliobaki vibarua na mafundi. Sensa inataja hata thamani ya shamba la mtu.

Mzee wangu wa Musoma, hili nimekuwekea wewe. Waliochagua ngozi ya mbuzi, ile ya dola 5, ni wawili tu katika orodha nzima. Mmoja ni mwenye hoteli. Wa pili ni fundi viatu, mzaliwa wa Ujerumani, ana watoto wanne. Kwenye sensa kuna safu mbili, ya asiyeweza kusoma na ya asiyeweza kuandika. Yeye zote mbili zimetiwa alama. Jina lake kwenye sampuli limeandikwa kwa mwandiko wa mtoto, herufi kubwa kubwa, zinapanda juu ya mstari.

Mzee_Musoma

Basi mtoto wake ndiye aliyeandika, baba amesimama pembeni. Mimi wa kwangu aliandikiwa na bintiye wa darasa la nne. Asante kijana.

Fundi_wa_Majalada

Mdogo wangu, wewe uliyeniuliza kama ufute, sasa umefanya kazi ambayo wasomi wengi hawaifanyi. Andika yote uliyoyapata kwenye karatasi tofauti, kwa penseli, uweke ndani ya boksi lile lile ila usiikunje ndani ya kitabu. Bado 19. Kwa wasiopatikana jaribu kubadili herufi, karani wa sensa aliandika alivyosikia, na jina la Kijerumani sikioni mwa mtu wa Ohio liligeuka geuka.

Na ule ukurasa wa fundi viatu nipigie picha upya. Zima taa, uweke kando ya dirisha asubuhi, mwanga uuingie kutoka upande. Penseli ikikandamizwa huacha bonde kwenye karatasi, nami nataka kuona mkono ulikandamiza kiasi gani.